Kitanda cha Mbwa Mzee Hupimwa Anapoamka

Mbwa wetu Tomi alipotimiza miaka kumi na moja alianza kuamka kwa hatua. Zamani ukigusa tu komeo la geti, yeye alikuwa keshafika. Sasa kila alfajiri nilimkuta kwenye saruji ya baraza amelala ubavu, masikio yamesimama, macho yananitazama, mwili haujasogea. Kwanza aligeuka akalalia tumbo. Akakusanya miguu ya mbele chini ya kifua, akajisukuma juu, akabaki ameketi anahema. Kisha akajivuta kwa mabega huku miguu ya nyuma ikitafuta pa kukanyaga na kucha zikikwaruza sakafu. Mara ya kwanza nyonga ziliteleza zikarudi chini. Mara ya pili akasimama. Akizunguka uani mara mbili tatu, ungesema si mbwa yule wa dakika tano zilizopita.

Nilidhani ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Kumbe sehemu ya tabu ile ilikuwa pale alipolala.

Je, wajua kwamba mbwa na ng'ombe huamka kinyume? Ng'ombe hutanguliza matako, kichwa kikafuata. Mbwa huanza na kifua, huketi, halafu ndipo huinua sehemu ya nyuma. Akishasimama, kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake hubebwa na miguu ya mbele. Lakini kazi ya mwisho ya kuamka, ile ya kunyanyua kiuno, huachiwa nyonga na magoti ya nyuma. Na nyonga ndiyo kiungo kinachochakaa mapema kwa mbwa wengi wakubwa, hasa German Shepherd, Labrador na Rottweiler, ambao baadhi yao hukua huku kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa sawasawa kwenye kikombe chake.

Ndiyo maana swali la kwanza tunalouliza dukani, "Atalala vizuri hapa?", ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: ataamkaje? Kitanda cha mbwa mzee kina kazi mbili. Akiwa amelala, kiugawe uzito wake usielemee mahali pamoja. Akianza kuamka, kimpe mahali imara pa kukanyaga. Kazi hizi mbili zinavutana: kinachobonyea sana humpumzisha na kumnasa, kisichobonyea humsaidia kusimama na kumuumiza alalapo. Kuchagua kitanda ni kutafuta mahali pa katikati.

Sponji iliyo ndani ya nyonga

Kila mahali mifupa miwili inapokutana na kusugua, ncha zake zimevikwa gegedu, kitu cheupe, laini na kinachoteleza. Umeliona kwenye ncha ya paja la kuku. Sehemu kubwa ya gegedu ni maji, kati ya asilimia 65 na 80, yaliyoshikwa ndani ya wavu wa nyuzi ngumu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Basi hula vipi? Hula kama sponji inavyokunywa maji. Mbwa akikanyaga, gegedu hukamuliwa na kutoa maji yake. Akiinua mguu, hufyonza ute mpya wa kiungo wenye chakula na hewa ya oksijeni. Kutembea ndiyo pampu yake.

Kwa miaka mingi mtambo huu hauonekani wala hausikiki. Kisha wavu huanza kukatika. Kwa kuwa gegedu halina damu, hujitengeneza kwa shida mno. Hupungua, huwa na mikwaruzo, na mifupa iliyo chini yake huanza kubeba mzigo usio wake. Kiungo huvimba na kuota vinundu vya mfupa pembeni. Nyumbani tunasema ni baridi yabisi. Madaktari wa mifugo huiita osteoathritisi. Gegedu lenyewe haliumi, lakini mfupa na utando unaofunika kiungo vina mishipa tele ya fahamu, na hivyo ndivyo vinavyouma.

Sasa fikiri juu ya usingizi. Mbwa mzima hulala karibu nusu ya saa 24, na mzee hulala zaidi ya hapo. Muda wote huo pampu imesimama. Ndiyo maana hukakamaa anapoamka na kulegea akitembea. Kadiri alivyolala pabaya, ndivyo anavyokakamaa zaidi, na kadiri kuamka kunavyouma, ndivyo anavyoahirisha kuamka. Misuli ya mapaja isiyotumika husinyaa. Mapaja yakisinyaa, kuamka huwa kugumu maradufu. Kitanda kibaya hulizungusha gurudumu hili kila usiku.

Na mbwa halalamiki. Maumivu ya viungo mara nyingi hayamtoi mlio. Huonekana kwa mambo madogo: anasita mbele ya ngazi aliyoipanda miaka yote, analamba kiwiko kimoja, anakaa upande upande, harukii tena nyuma ya gari. Mbwa wakubwa sana huanza kuzeeka wakiwa na miaka sita au saba. Wadogo wanaweza kufika kumi bila dalili.

Gramu 400 kwenye ncha ya mfupa

Mlaze mbwa mzee ubavu kwenye saruji, kisha pitisha kiganja chako chini yake. Utakuta anagusa sakafu mahali pachache tu: bega, kiwiko, nyonga, kifundo cha mguu wa nyuma. Palipobaki kuna uwazi. Alipokuwa kijana, misuli na mafuta vilijaza uwazi ule. Sasa vimepungua, na mfupa umekaribia ngozi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mbwa ana kilo 32, na nusu ya uzito huo, kilo 16, imekaa kwenye ncha nne za mifupa, kila moja ikigusa sakafu kwa sentimita za mraba 10. Hapo kila sentimita ya mraba imebeba gramu 400. Mbwa huyohuyo ukimlaza kwenye kitu kinachofuata umbo la mwili wake hadi aguswe kwa sentimita za mraba 1,500, kila sentimita itabeba gramu 21 hivi. Uzito ni uleule, umegawanywa tu.

Kwa nini tofauti hiyo ni kubwa kwa ngozi? Mwaka 1930, Mmarekani Eugene Landis alipima presha ya damu ndani ya vishipa vidogo kabisa vya ngozi ya kidole cha binadamu, na akapata wastani wa milimita 32 za zebaki upande damu inapoingilia. Hiyo ni sawa na kuweka gramu 43 hivi juu ya sentimita moja ya mraba. Mwili wa mbwa si kidole cha mtu, na ngozi huvumilia kwa muda, lakini kanuni ni moja: ukikandamiza kwa nguvu inayozidi ile ya damu, na ukakandamiza kwa saa nyingi, damu haipiti. Mbwa kijana hugeuka ubavu mwingine bila hata kuamka. Mzee anayeumwa nyonga hageuki, kwa sababu kugeuka kunauma.

Matokeo yake huonekana kwenye viwiko. Kwanza manyoya hunyonyoka, kisha ngozi huwa nyeusi na nene kama kisigino kisichovaa viatu. Hiyo ni sugu, ngao ya mwili wenyewe. Kwa mbwa wakubwa wanaolala sakafuni, wakati mwingine hujitokeza uvimbe laini uliojaa maji juu ya kiwiko. Na kwa mbwa asiyeweza kabisa kugeuka, ngozi hupasuka ikawa kidonda kisichopona upesi. Tomi alikuwa na sugu viwiko vyote viwili. Niliziona kwa miaka nikadhani ni sehemu ya umbo lake.

Kutoka sufi hadi viti vya ndege

Wazee wetu walilijua tatizo la kugawa uzito. Magodoro yao yalijazwa sufi, nyuzi za tunda la msufi. Kila uzi wa sufi ni mrija mtupu wenye nta nje, ndiyo maana ni mwepesi, haushiki maji upesi, na ulitumika hata kujazia maboya ya kujiokolea baharini. Ila sufi hujikusanya. Baada ya miezi kadhaa godoro huwa na mabonde na vilima, na lazima lianikwe juani, lipigwe na kuchambuliwa upya. Na waliolalia kitanda cha kamba cha "teremka tukaze" wanakumbuka: kinapumzisha mwili, kinapitisha hewa, lakini kikilegea unaamkia shimoni. Mbwa mzee akitumbukia shimo hilo hana mikono ya kushika ubao ajivute.

Mwaka 1937, huko Leverkusen, Ujerumani, mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua njia ya kutengeneza poliyurethani. Sponji ya magodoro ya leo ni tawi la ugunduzi huo. Kemikali mbili huchanganywa pamoja na maji kidogo, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, mchanganyiko huumuka kama unga wa mandazi, na mapovu hugandia humo humo.

Kisha ikaja sponji ya memori, ile ambayo ukiikandamiza kwa kiganja hubakiza alama ya vidole na kujaa taratibu. Wauzaji hupenda kusema ilibuniwa kwa ajili ya wanaanga. Ukweli ni kwamba mwaka 1966 mhandisi Charles Yost aliitengeneza chini ya mkataba na kituo cha Ames cha NASA, huko California, kwa ajili ya viti vya ndege: vimlinde aliyekaa ndege ikipata ajali na visimchoshe safari ikiwa ndefu. Siri yake ni kwamba hulainika kwa joto la mwili na kurudi polepole, hivyo hufuata umbo badala ya kulisukuma. Kwa kugawa uzito, ni hodari kweli. Kwa kuamka, ina kasoro: mguu unaokanyaga huzama, na sponji haimrudishii mbwa nguvu aliyoisukuma.

Ndiyo sababu vitanda vizuri vya mbwa wazee huwa na tabaka mbili. Chini sponji ngumu isiyobonyea hadi sakafuni hata akikanyaga kwa mguu mmoja. Juu tabaka jembamba laini, la memori au sponji ya kawaida, la kupokea viwiko na nyonga.

Goti, mzani na futi kamba

Nilikwenda kwa fundi sofa mtaani kwetu Arusha, nikamweleza ninachotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachomoa vipande viwili vya sponji vyenye unene mmoja na rangi moja.

"Dada, hapa ngumu ni ipi?"

Nikabonyeza, nikaonyesha cha kushoto. Akaniwekea vyote mikononi. Cha kulia kilikuwa kizito zaidi.

"Hicho ulichochagua ni kigumu leo. Miezi mitatu kitakuwa chapati. Sponji usiulize mkono peke yake, uliza na mzani."

Alikuwa anazungumza sayansi sahihi. Ugumu na uzani wa sponji ni mambo mawili. Ugumu hukuambia inavyobonyea leo. Uzani, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo, hukuambia imejazwa kitu kiasi gani kati ya mapovu, na hicho ndicho kinachoizuia kusinyaa. Hesabu yake ni rahisi. Kipande cha mita moja kwa mita moja chenye unene wa sentimita 10 ni moja ya kumi ya mita ya ujazo. Kikiwa na kilo 1.5 tu, sponji hiyo ni ya kilo 15 kwa mita ya ujazo: nyepesi mno kwa mbwa mkubwa. Kikiwa na kilo 3, ni ya kilo 30, na hapo unaweza kuanza mazungumzo. Sponji ya memori nzuri huanzia karibu kilo 50 kwa mita ya ujazo na kwenda juu.

Jaribio la pili ni goti. Weka kitanda sakafuni, piga goti moja juu yake, uegemeze uzito wako. Goti likigusa chini, kiwiko cha mbwa wako nacho kitagusa. Godoro kuukuu tunalompa mbwa kwa sababu limetuchosha sisi mara nyingi hushindwa hapo hapo. Halafu simama juu yake kwa mguu mmoja: ukiyumba, naye atayumba.

Jaribio la tatu ni futi kamba. Mpime akiwa amejinyoosha usingizini, si akiwa amejikunja, kuanzia pua hadi shina la mkia, ongeza sentimita 20 au 30. Mbwa mwenye maungio mabovu hulala amejinyoosha kwa sababu kukunja nyonga kunamuuma, na kitanda cha duara kama ungo humlazimisha kujikunja. Kimo nacho kiwe cha kiasi: akipandie bila kuruka. Ukingo laini upande mmoja ni mto mzuri wa kichwa. Ukingo unaozunguka pande zote ni ukuta wa kurukwa kila aamkapo.

Kitanda cha Tomi kilitoka na sponji ngumu ya sentimita 8 chini na laini ya sentimita 4 juu. Juu ya sponji fundi alivuta makintoshi, ule mpira unaowekwa kwenye vitanda vya wodi ya wazazi, kisha foronya ya kitambaa kizito yenye zipu. Mpira si anasa. Mbwa wazee, hasa majike waliofungwa kizazi, wanaweza kuvuja mkojo usingizini bila kujua, na sponji ikishakunywa mkojo haifuliki ikaisha. Ngozi iliyolowa huchubuka haraka kuliko kavu. Foronya ifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na ianikwe juani, maana mayai ya kiroboto hayang'ang'anii manyoya: hudondoka pale mbwa anapolala, na funza wake hukulia humo.

Baridi ya Njombe, joto la Mombasa

Hakuna kitanda kimoja kinachofaa kila mji. Sponji ya memori hufuata hali ya hewa. Usiku wa Julai kule Njombe au Limuru hukaza, na mbwa huanza kulala juu ya kitu kigumu mpaka joto la mwili wake liilainishe. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi hulainika kupita kiasi na kumfunga joto. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama sisi. Hutoa jasho kidogo kwenye nyayo na kujipoza kwa kuhema ulimi nje. Akitoka kitandani mchana wa Februari akajilaza kwenye saruji, hajakikataa kitanda. Amekwenda kupoza tumbo. Mwachie njia ya kwenda na kurudi. Huko pwani, sponji ya kawaida yenye foronya ya pamba, iliyoinuliwa kidogo juu ya chaga ili hewa ipite chini, inafaa zaidi. Huko milimani, kikwepeshe upepo wa mlangoni na unyevu wa sakafu.

Tazama pia pale anapokanyagia akishuka. Kitanda bora kilichozungukwa na vigae vinavyoteleza ni kama ngazi iliyokosa kidato cha mwisho. Kipande cha kapeti chenye mpira chini, kikitokeza hatua mbili mbele ya kitanda, humalizia kazi. Na kucha zikatwe: zikiwa ndefu, nyayo hazishiki sakafu.

Kama hela ya fundi haipo, kanuni hazibadiliki. Magunia mawili yaliyoshindiliwa nyasi kavu, yakibadilishwa nyasi kila zinapolala bapa, huku juu kuna blanketi lililokunjwa mara nne, hupita mtihani wa goti vizuri kuliko kitanda cha dukani chenye manyoya ya kupendeza na pamba nyepesi ndani.

Yasiyo kazi ya kitanda

Kitanda hakiponyi gegedu. Kinachowapunguzia viungo mzigo mchana na usiku ni mwili mwembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao wa uzao mmoja. Waliolishwa kidogo waliishi miaka 13 kwa kawaida, wenzao miaka 11.2, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Ukipapasa mbavu za mbwa wako na usizipate, anza na sahani kabla ya kitanda.

Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki tunazonunua duka la dawa zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Daktari wa mifugo anazo dawa zilizopimwa kwa mbwa, na dozi inayotokana na kilo zake.

Wapo watakaosema kumshonea mbwa kitanda ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la watu wawili lenye umri wa miaka kama 14,000, na ndani yake mifupa ya mbwa mdogo. Meno yake yalipochunguzwa upya, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, yalionyesha kwamba aliugua sana, yamkini kwa ugonjwa wa distempa, na akaishi wiki kadhaa akiwa mgonjwa. Watafiti walisema mbwa wa hali hiyo asingeishi muda huo bila kutiwa joto, kusafishwa na kunyweshwa maji. Hakuweza kuwinda wala kulinda. Watu wa zama za mawe, wasio na godoro wala mfereji wa maji, walimuuguza bila malipo yoyote. Sisi tunaolala usingizi kwa sababu kuna mbwa getini hatuwezi kufanya pungufu.

Usiku wa kwanza Tomi alikinusa kitanda akalala pembeni yake. Wa pili aliweka kichwa. Wa tatu alipanda mwili mzima. Bado anaamka kwa hatua, na ataendelea hivyo. Ila nyonga hazirudi chini tena, na kwenye kiwiko cha kulia manyoya yameanza kuota.

Basi kesho alfajiri, kabla hujamwita wako, simama kimya mlangoni umtazame anavyoinuka. Hesabu mara ngapi anajaribu. Hapo ndipo utakapojua kama ana kitanda.